Kuanza na kumaliza bloku kwenye PLC bila kuacha mota inazunguka nyuma yako

Kuna usiku nilifagia pumba mpaka saa kumi alfajiri kwa sababu ya amri moja ya herufi mbili. Sio utani. Kiwanda cha kusaga mahindi, PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo) yenyewe S7-300 ya Siemens, kuna konveya ya skrubu inavuta pumba kupeleka kwenye mashine ya kufungasha. Mchana wake mimi ndo nilikuwa nimepanga upya programu, niliona OB 1, bloku kuu ya programu, imejaa netiweki (vipande vya programu) mia na ushee nikasema hapana, nikazihamishia kwenye FC 20, bloku ndogo inayoitwa na OB 1, halafu nikaandika kwamba FC 20 iitwe pale tu modi ya auto imewashwa. Nikajaribu, ikafanya kazi, nikaenda zangu kunywa chai.

Usiku opereta akageuza swichi kutoka auto kwenda manyuo akijua kila kitu kitasimama. Mashine ya kufungasha ikasimama, yenyewe ina kontrola yake. Skrubu ikaendelea kumimina. Sensa ya kujaa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila msimbo wa kuisoma uko ndani ya FC 20 na FC 20 haiitwi tena, kwahiyo nani ataisoma? Nilipofika pumba imefika kwenye vifundo vya miguu, naangalia moduli ya autiputi naona taa ya kijani ya Q 8.3, autiputi ya hiyo skrubu, inawaka imetulia kama hakuna kilichotokea. Iliyotuokoa ni kitufe chekundu cha emajensi ambacho kinakata kontakta kwa waya moja kwa moja bila kupitia programu, na ndo maana nasema kila siku emajensi ni ya waya na relei yake, usije ukaitegemea programu kwa hiyo kazi.

Kwahiyo mwongozo huu ni wa jinsi ya kuingia kwenye bloku na jinsi ya kutoka. Nitatumia S7-300 na STEP 7 ya zamani (programu ya laptopu ya kuandikia PLC za Siemens) maana bado zimejaa viwandani na ndo wengi wetu tunaitiwa usiku kuzitengeneza, mbele huko nitagusa TIA Portal (programu mpya ya Siemens), Allen-Bradley, Mitsubishi na Omron.

Kitu cha kushika kwanza

Bloku isipoitwa haizimi kitu chochote. Inaachwa tu. Ukiandika `= Q 8.3` ile amri inaandika 1 au 0 pale inapopitiwa, isipopitiwa hiyo biti inabaki vilevile ilivyoachwa mara ya mwisho, iwe dakika tano iwe wiki. Wengi tuliotoka kwenye waya na relei hapa ndo tunapotea, kwa sababu kwenye relei ukikata umeme wa saketi nzima koili zote zinaachia, tunadhani kutoita bloku ni kama kukata umeme wa ile sehemu ya paneli. Sio hivyo. Ni kama fundi aliyekuwa ameshika swichi ameondoka, swichi imebaki alivyoiacha.

Hatua ya 1: chukua nakala kabla hujagusa

Unganisha laptopu, pakia programu iliyomo ndani ya CPU, linganisha na ile ya kwenye faili, kisha iarkaivu na tarehe. Usiamini faili uliyokabidhiwa kwenye flashi, mara nyingi kuna mtu alibadilisha kitu moja kwa moja kwenye CPU hakuhifadhi popote. Ukipakia kutoka kwenye CPU maelezo na majina ya simboli hayaji, unapata namba tupu, kwahiyo faili lenye maelezo nalo lishike, usilifute.

Kingine, angalia lugha ya amri. Mashine nyingi zimetoka Ujerumani na programu imeandikwa kwa vifupi vya Kijerumani. Hapo inputi ni E, autiputi ni A, na AND ni U. Sasa wewe umezoea A ni AND, ukiona `A 8.3` unachanganyikiwa, kumbe ni autiputi. Na kwenye kumaliza bloku BEC inakuwa BEB, BEU inakuwa BEA. Kwenye SIMATIC Manager unaingia Options, Customize, Language, unachagua vifupi vya Kiingereza na programu nzima inageuka yenyewe, hakuna kinachoharibika.

Hatua ya 2: chagua aina ya bloku

OB ndo zinaitwa na CPU yenyewe. OB 1 inazunguka muda wote, OB 100 inapita mara moja tu CPU inapoanza, OB 35 inakuja kwa saa yake, kawaida kila milisekunde 100. Hizi hauziiti wewe, wewe unaziandika tu.

FC haina kumbukumbu yake. Vitu vya muda unavyoweka kwenye TEMP vikitoka vimetoka, na ukiingia tena unakuta takataka za bloku nyingine iliyopita hapo, kwahiyo kila TEMP iandike kwanza ndo uisome. FB ina DB yake (bloku ya data) inayokumbuka. Kama una pampu sita zinazofanana andika FB moja na DB sita, kama ni kazi ya kupita tu FC inatosha.

Hatua ya 3: tengeneza bloku, idaunlodi KWANZA, ndo uiite

Hii inaua laini za watu. Ukiandika wito wa FC 20 ndani ya OB 1 ukadaunlodi OB 1 wakati FC 20 bado haijaingia kwenye CPU, mzunguko unaofuata CPU inaitafuta FC 20 haipo, inatafuta OB 121 kuulizia ifanye nini, na kama OB 121 nayo haipo CPU inaenda STOP. Taa nyekundu ya SF inawaka, autiputi zote zinaachia, supavaiza anakuja mbio. Ukifungua bafa ya dayagnostiki utakuta imekuandikia kabisa kwamba hiyo FC haijapakiwa.

Kwahiyo kuingiza: FC kwanza, OB 1 baadae. Kuondoa ni kinyume chake: futa wito kwenye OB 1, idaunlodi OB 1, hakikisha hakuna bloku nyingine inayoita, ndo ufute FC. Kama bloku zimeitana ndani kwa ndani anza kudaunlodi ile ya ndani kabisa uje nje.

Kuna watu wanaweka OB 121 tupu ili CPU isisimame hata bloku ikikosekana. Mimi siipendi hiyo, kwa sababu CPU inaendelea na kazi huku kipande cha programu hakifanyi kazi na hakuna anayejua, bora isimame tujue moja. Kwa S7-1200 na 1500 hili tatizo huwezi kukutana nalo kirahisi, TIA inadaunlodi vitu kwa pamoja ili vilingane.

Na ukibadilisha interface ya FB, yaani umeongeza inputi au STAT mpya (kitu kinachokumbukwa kwenye DB), ile DB yake ya zamani hailingani tena. Tengeneza DB upya, sahihisha wito, daunlodi vyote. Ukitengeneza DB upya thamani zilizokuwa ndani zinarudi za mwanzo, kwahiyo seti pointi za opereta ziandike pembeni kabla, la sivyo utapigiwa simu.

Hatua ya 4: iite bloku

Kwenye STL, lugha ya Siemens ya kuandika amri mstari kwa mstari, una njia tatu. `CALL FC 20` unaweza kuipa parameta, `CALL FB 5, DB 51` inaita FB na DB yake. `UC FC 20` inaita bila masharti ila haibebi parameta. `CC FC 20` inaita pale tu RLO, yaani jibu la masharti yaliyo juu yake, ni 1, nayo haibebi parameta.

Hizi ndo herufi zangu mbili za ule usiku:

```
      A     M 30.0     // modi ya auto
      CC    FC 20
```

Inavutia eh? Fupi, safi, na mzunguko wa CPU unapungua. Lakini M 30.0 (biti ya kumbukumbu ndani ya CPU) ikiwa 0 FC 20 haipitiwi, na `= Q 8.3` iliyomo ndani imebaki 1.

Siku hizi bloku za mitambo naziita muda wote kwa UC au CALL, bila masharti, halafu masharti nayaweka NDANI ya bloku. CC naitumia kwenye bloku ambazo haziandiki autiputi wala hazina taima, mfano bloku ya kupiga mahesabu ya ripoti ya shifti au kuhamisha resipe. Hapo haina shida, isipoitwa namba inabaki ya zamani na ndo unachotaka.

Taima nazo zina vituko vyake. Taima za S5, zile za T 1, T 2, ukishaianzisha inahesabu yenyewe kwenye CPU hata bloku isipoitwa, ukirudi unakuta imeshaisha zamani na mtambo unaruka hatua. Na amri za kushika ukingo, FP na FN, zinalinganisha hali ya sasa na biti ya kumbukumbu ambayo inaandikwa pale tu bloku inapopitiwa. Tuseme una hii:

```
      A     I 0.5      // kitufe cha start
      FP    M 50.0
      S     M 40.0
```

Bloku haijaitwa kwa dakika kumi, M 50.0 imebaki 0, katikati hapo kitufe kimenasa ndani kwa vumbi, siku bloku inaitwa tena inaona 0 imekuwa 1, inadhani mtu ndo kabonyeza sasa hivi. Mota inaanza hakuna aliyegusa kitu. Hii ni mbaya kuliko pumba.

Hatua ya 5: toka kwenye bloku

Kuna BE, BEU na BEC.

BE ni mwisho wa bloku, unaoujua hata usipouandika, ukifika mwisho wa netiweki ya mwisho editor inaiweka yenyewe. BEU ni toka bila masharti, CPU ikiikuta inarudi kwa aliyeita hapohapo, chochote kilichoandikwa chini yake hakipitiwi, labda uwe umekiruka kwa lebo. Kwenye S7 BE na BEU zinafanya kazi ileile. BEC ni toka kwa masharti, RLO ikiwa 1 inatoka, ikiwa 0 haitoki ila inaigeuza RLO kuwa 1 na kuendelea na mstari unaofuata. Hiyo ya kugeuza RLO kuwa 1 usiisahau, ukiandika BEC halafu mstari unaofuata ukaweka `S M 40.0` bila kuanza na A au O, itaseti kila mzunguko na utakesha unatafuta nani anaseti.

Sasa mtu anasoma hapo juu anasema sawa, nitaita kwa UC halafu ndani naanza hivi:

```
      AN    M 30.0     // sio auto?
      BEC              // basi toka
```

Mkuu, hiyo ni CC ileile imevaa kofia. Umeingia mlangoni ukageuka ukatoka, autiputi zimebaki palepale. Ukitaka kutoka mapema lazima kwanza uzime vitu vyako. FC 20 yangu sasa inaanza hivi:

```
      A     M 30.0     // auto imewashwa?
      JC    KAZI       // ndio, nenda kazini
      CLR
      =     M 40.3     // ombi la skrubu lizime
      =     M 40.4     // ombi la valvu lizime
      L     0
      T     MW 10      // hatua irudi mwanzo
      BEU
KAZI: NOP   0
      A     I 0.2      // sensa ya kujaa, 1 = bado haijajaa
      A     M 40.1     // laini imeruhusiwa
      =     M 40.3
```

Lebo kwenye STEP 7 ya zamani ni herufi nne tu mwisho na ianze na herufi, kwahiyo KAZI inaenea, KAZINI haiingii. Pale juu ya BEU naita sehemu ya kufunga duka: kila biti inayoandikwa chini ya KAZI lazima iwe na mstari wake juu wa kuizima. Ukiongeza biti mpya chini, panda juu uongeze. Ukiacha moja hiyo ndo itakayokuita usiku. Na `I 0.2` nimeiandika hivyo kwa sababu sensa imefungwa kwa namna ya kwamba waya ukikatika inasoma imejaa, skrubu inasimama.

Utaona pia siandiki Q 8.3 humo tena, naandika M 40.3. Kwanini? Kwa sababu modi ya manyuo nayo ina FC 21 yake na inataka kuwasha skrubu hiyohiyo. Ukiandika `= Q 8.3` kwenye bloku mbili, anayepita mwisho ndo anashinda, yule wa kwanza anaongea peke yake. Ukimonita utaona koili kwenye FC 20 inawaka lakini mota haiendi, vijana wanabadilisha kontakta nzima zima. Kwahiyo FC 20 inaandika ombi lake kwenye M 40.3, FC 21 kwenye M 41.3, halafu mwishoni kabisa kuna FC 30 ya autiputi peke yake:

```
      A(
      O     M 40.3     // ombi la auto
      O     M 41.3     // ombi la manyuo
      )
      A     I 1.0      // overlodi ipo sawa
      =     Q 8.3
```

Na OB 1 inakuwa mistari mitatu, UC FC 20, UC FC 21, UC FC 30, basi. FC 30 haina BEC, haina JC, haina kutoka mapema kwa namna yoyote. Hilo kwangu ni amri.

Jambo jingine, usirudi nyuma kwa lebo kiholela. Lebo ikiwa juu ya amri ya kuruka umetengeneza kitanzi, na kama hakitoki CPU inapitiliza muda wa mzunguko, ambao kiwandani unakuja umewekwa milisekunde 150. Ikipita hapo inaita OB 80, kama haipo inaenda STOP. Nimeona mtu amepandisha ule muda mpaka sekunde kadhaa ili CPU isisimame. Jamani.

Hatua ya 6: mwambie aliyekuita umetokaje

Kama bloku yako ya STL inaitwa na mtu anayetumia lada, yaani lugha ya michoro kama ya relei, kwenye kile kiboksi kuna ENO inatoka upande wa kulia, na inasoma biti ya BR. Usipoiandika wewe inabaki na chochote kilichokuwemo, leo inawaka kesho haiwaki. Kwahiyo njia ya kawaida mwishoni, SAVE ndo inanakili RLO kwenda BR:

```
      SET
      SAVE
      BE
```

na ukitoka kwa hitilafu:

```
      CLR
      SAVE
      BEU
```

Aliyekuita akiunganisha kitu kwenye ENO atajua umemaliza salama au umekimbia. Pia parameta za OUT za FC ziandike kabla ya kutoka, kila njia ya kutoka. Ukitoka mapema bila kuiandika aliyekuita anaweza kupokea takataka, namba ya ajabu kama -21312 kwenye skrini ya joto. Kwenye FB inabaki thamani ya mwisho kwa sababu ipo kwenye DB yake, sio takataka ila ni ya zamani, na ya zamani nayo inadanganya.

Lada na SCL

Kwenye lada kutoka mapema ni koili ya RET, kwenye STEP 7 ya zamani lazima iwe na kontakti mbele yake, huwezi kuipachika peke yake. Kwenye TIA unaichagulia irudishe nini kwenye ENO, RLO, TRUE, FALSE au biti yako mwenyewe. S7-1200 haina STL kabisa, kwahiyo huko ni lada, FBD (michoro ya viboksi) au SCL (lugha ya maandishi) tu. SCL inakuwa hivi:

```
IF NOT #Auto THEN
    #OmbiSkrubu := FALSE;
    #OmbiValvu  := FALSE;
    #Hatua      := 0;
    RETURN;
END_IF;
```

Ni kitu kilekile, funga duka kwanza ndo utoke. Ukiandika kwa faili la maandishi nje ya editor utakutana na maneno ya kufungua na kufunga, FUNCTION na END_FUNCTION, FUNCTION_BLOCK na END_FUNCTION_BLOCK, hayo yametoka kwenye kiwango cha IEC 61131-3 na Codesys wanayatumia pia. Ukisahau END_IF moja katikati, kompaila italalamika mstari wa mbali kabisa, usiende kwenye huo mstari, panda juu.

Hatua ya 7: OB 100, mwanzo wa mwanzo

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika na kurudi CPU inapita OB 100 mara moja ndo inaanza OB 1. Kwenye S7-300 zile bayti 16 za kwanza za M, yaani MB 0 mpaka MB 15, kawaida zinakumbukwa hata umeme ukikatika. MW 10 yangu ya hatua ipo humo. Maana yake umeme ukirudi mtambo unadhani bado upo hatua ya 5 wakati valvu zote zimeshaachia na tangi limeshuka. Kwahiyo OB 100:

```
      L     0
      T     MW 10      // anza mwanzo
      CLR
      =     M 30.0     // opereta achague auto mwenyewe
```

Ule mstari wa mwisho ni tahadhari, una maana kama M 30.0 nayo umeiweka ikumbukwe na inashikwa na kitufe cha kwenye skrini. Kama inaandikwa na swichi ya kuzungusha kwenye mlango wa paneli haisaidii, OB 1 itaiandika tena mzunguko wa kwanza, hapo unahitaji kitufe cha riseti, yaani mtu abonyeze ndo laini iruhusiwe.

Ukihamia kampuni nyingine

Hapa napita haraka ila kuna mitego. RET kwanza, maana neno ni moja kazi ni tofauti. Siemens RET ni kutoka kwenye bloku. Allen-Bradley RET ni kurudi kutoka sabrutini uliyoiita kwa JSR. Omron RET inafunga sabrutini iliyofunguliwa na SBN na kuitwa na SBS. Mitsubishi FX, RET inafunga eneo la step lada za STL, haina uhusiano na sabrutini, na hata STL yenyewe huko sio lugha, ni amri ya hatua. Sabrutini ya Mitsubishi inafungwa na SRET.

Kwenye FX mpangilio ni huu, programu kuu inaisha na FEND, sabrutini zinakaa baada ya FEND, ndo END mwishoni kabisa:

```
LD    X0
CALL  P1
FEND
P1
LD    M8000
OUT   Y3
SRET
END
```

Na humo mfano wenyewe una ugonjwa wa pumba, umeuona? X0 (inputi) ikizima P1 haiitwi, Y3 (autiputi) imebaki inawaka. Ugonjwa hauna kampuni.

Allen-Bradley, JSR yenye parameta inataka SBR iwe amri ya kwanza kabisa kwenye ile rutini inayoitwa. Bila parameta sio lazima, na RET mwishoni sio lazima pia, rutini ikiisha inarudi yenyewe. Kuwa makini na TND: kwenye SLC 500 ikiwaka inakata skani nzima palepale, inaenda kusasisha I/O na kuanza upya faili 2, yaani programu kuu. Kwenye ControlLogix TND iliyo ndani ya sabrutini inarudi tu kwa aliyeita. Programu ikihamishwa kutoka SLC kwenda Logix na kuna TND humo, soma kila moja kwa macho yako. Wenyewe wana MCR pia, hiyo ndo angalau inafanana na kukata umeme wa saketi, ikizimwa autiputi zisizoshika ndani ya eneo lake zinaachia, ila eneo lazima lifungwe na MCR ya pili isiyo na masharti, ukisahau umefunga mpaka mwisho wa rutini. Na sio mbadala wa emajensi ya waya.

Hatua ya 8: jaribu kama mtu asiyekutakia mema

Kosa langu halikuwa CC peke yake, kosa langu lilikuwa nilijaribu kuwasha tu. Nilibonyeza start, skrubu ikaenda, nikafurahi. Sikujaribu kutoka.

Anza na PLCSIM, PLC ya kuigiza kwenye laptopu, kama unayo. Kisha kwenye mtambo wenyewe zima swichi kuu ya mota, weka kufuli lako na funguo mfukoni, acha kontrola tu iwake. Washa auto, subiri Q 8.3 iwake, geuza kwenda manyuo katikati ya kazi. Sio mtambo ukiwa umesimama, KATIKATI. Angalia taa za moduli, usiangalie skrini, skrini inaonyesha unachotaka kuona. Rudia kwa kila hatua, hatua ya 1 geuza, hatua ya 2 geuza, mpaka mwisho. Kata umeme wa CPU katikati rudisha. Chomoa waya wa sensa. Shika kitufe cha start kwa kidole muda wote wakati unabadili modi uone kama mota itajianzisha, ule mtego wa FP.

Halafu fungua Reference Data uangalie mti wa bloku, nani anamwita nani, na kama kuna bloku haiitwi na mtu yeyote utaiona imewekewa alama. Kwenye cross reference tafuta kila Q, ukiikuta imeandikwa zaidi ya sehemu moja rudi hatua ya 5.

Ikipita yote, hifadhi, arkaivu mpya na tarehe ya leo, nakala moja kwako nyingine kwa mtu wa matengenezo. Kwenye kichwa cha FC 20 mimi nimeandika maelezo ya mistari mitatu, miwili ya kwanza ni hii: "Iitwe kila mzunguko. Ukiongeza biti chini ya KAZI iongeze na juu ya BEU." Kijana aliyekuja baada yangu alinipigia siku moja kuuliza kwanini kwenye mstari wa tatu nimeandika neno pumba.